Vipuri vya breki vya magari ya kale

Vipuri vya breki vya magari ya kale ni sehemu za mfumo wa breki zinazohitajika kutunza au kukarabati gari ambalo halitengenezwi tena. Kwa kawaida kiwanda chake kimeacha kutoa spea hizo, na maduka ya kawaida hayana tena akiba yake. Miongoni mwa vipuri vinavyotafutwa zaidi ni masta silinda, silinda za magurudumu, kalipa, ngoma, diski, viatu vya breki, mipira ya ndani ya silinda, mabomba na hozi.

Injini iliyokosa kipuri huliacha gari limesimama. Breki iliyowekewa kipuri kisichofaa huweza kuliacha gari likitembea bila kusimama. Kwa hiyo kutafuta kipuri cha breki hakumalizikii kupata kitu kinachoingia mahali pake. Ni lazima kipuri hicho kiwe na kipimo sahihi, kiwe cha mata inayofaa na kipatane na maji ya breki yanayotumika.

## Historia ya mifumo ya breki

Mwaka na aina ya mfumo ndivyo vinavyoamua ni kipuri gani cha kutafuta. Magari ya mwanzo yalitumia breki za kamba za chuma au fimbo. Louis Renault wa Ufaransa alianzisha breki ya ngoma ya kisasa mwaka 1902. Mwaka huohuo Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hataza ya breki ya diski, lakini ilipita miaka mingi kabla diski hazijaenea.

Breki za haidroli, yaani zile zinazosukumwa na maji ya breki, zilitokana na kazi ya Malcolm Loughead wa Marekani, aliyebadilisha tahajia ya jina lake kuwa Lockheed. Gari la Duesenberg Model A la mwaka 1921 lilikuwa na breki za haidroli katika magurudumu yote manne. Kampuni nyingine zilichelewa. Ford ya Marekani ilibaki na breki za fimbo na kamba hadi modeli za mwaka 1939. Volkswagen iliweka haidroli katika Kobe (Beetle) la kuuzwa nje mwaka 1950, ilhali aina ya kawaida ya bei nafuu iliendelea na kamba hadi mwaka 1962. Hivyo magari mawili yanayofanana kwa umbo yanaweza kuwa na breki zisizoshirikiana hata kipuri kimoja.

Breki za diski zilipata sifa mwaka 1953, wakati Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop iliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans. Mwaka 1955 Citroën DS ilitoka kiwandani ikiwa na diski magurudumu ya mbele.

Badiliko lingine kubwa lilikuwa mfumo wa njia mbili. Magari mengi ya zamani yana njia moja tu ya maji ya breki. Hozi moja ikipasuka au silinda moja ikivuja, magurudumu yote manne hukosa breki na hubaki breki ya mkono peke yake. Nchini Marekani mfumo wa njia mbili ulikuwa sharti la sheria kwa magari madogo yaliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1968. Magari mengi ya kabla ya hapo hayana kinga hiyo, na ndiyo maana kipuri kibovu kimoja ndani yake ni hatari zaidi.

## Sababu za uhaba

Kiwanda huendelea kutoa spea kwa miaka kadhaa baada ya modeli kukoma, kisha huacha. Akiba iliyobaki huuzwa polepole. Vipuri vya chuma huweza kukaa ghalani miaka mingi, lakini vya mpira huzeeka hata bila kutumika.

Sababu ya pili ni mabadiliko ya kati. Mtengenezaji mmoja aliweza kubadilisha kipenyo cha silinda au aina ya ngoma katikati ya miaka ya modeli ileile. Land Rover Series ni mfano mzuri. Gari fupi la inchi 88 lilikuwa na ngoma za inchi 10, na gari refu la inchi 109 lilikuwa na ngoma za inchi 11. Mbele ya gari refu kila gurudumu lina silinda mbili, na ya kushoto si sawa na ya kulia. Mtu anayeomba "silinda ya breki ya Land Rover ya zamani" bila maelezo zaidi ana nafasi kubwa ya kupewa isiyo yake.

Sababu ya tatu ni ukarabati uliokwisha kufanyika. Gari lenye miaka 50 au 60 mara nyingi limepita mikononi mwa mafundi wengi. Ekseli inaweza kuwa ya gari lingine, na masta silinda huenda ilibadilishwa zamani. Katika hali hiyo kitabu cha kiwanda hueleza gari lilivyozaliwa, si lilivyo sasa.

## Kutambua kipuri

Hatua ya kwanza ni kujua gari lenyewe. Namba ya chasisi hutumika pamoja na kitabu cha spea cha kiwanda. Namba za tarakimu na herufi 17 zilianza kutumika Marekani kwa modeli za mwaka 1981. Magari ya kabla ya hapo yana namba fupi zaidi, na kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake.

Hatua ya pili ni kusoma alama zilizo kwenye kipuri chenyewe. Kampuni nyingi za magari hazikutengeneza breki zao, bali zilinunua kwa watengenezaji maalumu:

- Uingereza: Girling, Lockheed na Dunlop
- Ujerumani: ATE
- Marekani na Ufaransa: Bendix
- Japani: Akebono, Aisin na Sumitomo

Jina hilo na namba yake mara nyingi vimesubiwa juu ya chuma, chini ya kutu na tope. Taarifa hii ni muhimu kwa sababu mtengenezaji mmoja alihudumia kampuni nyingi za magari. Silinda isiyopatikana kwa jina la gari moja huweza kupatikana kwa jina la gari lingine lililotumia kipuri kilekile.

Hatua ya tatu ni kupima. Vipimo vinavyohitajika ni:

- kipenyo cha ndani cha silinda
- urefu wa pistoni na safari yake
- nafasi kati ya matundu ya bolti
- kipenyo cha ndani cha ngoma, na upana wa kiatu
- unene wa diski
- aina ya uzi wa nati za mabomba
- umbo la mdomo wa bomba

Kipenyo cha silinda hupimwa kwa venia, si kwa macho wala kwa rula. Magari ya Uingereza na Marekani ya zamani hutumia inchi, na ya bara la Ulaya na Japani kwa kawaida hutumia milimita, ingawa baadhi ya silinda za bara la Ulaya na Japani nazo zilifuata vipimo vya inchi. Silinda ya robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Mpira wake ukitiwa katika silinda ya milimita 20 utavuja. Inchi moja ni milimita 25.4, na tofauti yake na milimita 25 haionekani kwa jicho.

Tofauti ndogo ya kipenyo hubadilisha pia nguvu ya breki. Silinda ya gurudumu ya inchi 7/8 ina eneo kubwa kwa takriban asilimia 36 kuliko ile ya inchi 3/4, hivyo kwa mgandamizo uleule husukuma kiatu kwa nguvu zaidi kwa kiasi hicho. Ikifungwa upande mmoja tu, gari huvuta upande huo linapofunga breki. Kwa masta silinda mambo huenda kinyume: iliyo kubwa husukuma maji mengi zaidi kwa safari fupi ya pedeli, lakini dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi.

Uzi wa nati ni chanzo kingine cha makosa. Nati ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi inakaribiana na ya milimita 10 yenye hatua ya milimita 1. Ile ya inchi huweza kuingia katika tundu la milimita 10 na kuonekana imekaza, kisha ikachomoka au kuvuja dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Mdomo wa bomba nao ni wa aina zaidi ya moja: kuna uliokunjwa mara mbili kama faneli na kuna wenye umbo la kiputo. Aina moja haizibi vizuri mahali pa nyingine.

## Njia za kupata vipuri

### Akiba ya zamani

Vipuri vilivyotengenezwa enzi za gari lenyewe na ambavyo havijawahi kutumika bado hupatikana katika maghala, gereji zilizofungwa na kwa wakusanyaji. Chuma chake kwa kawaida ni bora, lakini boksi lisilofunguliwa si uthibitisho wa uzima. Silinda hufunguliwa na kukaguliwa kama ina kutu ndani, na mipira yote hubadilishwa. Hozi ya mpira iliyokaa ghalani miongo kadhaa haifai kufungwa hata kama inaonekana mpya.

### Vipuri vya kuigwa

Kwa magari yenye wapenzi wengi, kama Land Rover Series, Morris Minor, Mini, MGB na Kobe la Volkswagen, kuna viwanda vinavyotengeneza vipuri upya. Ubora wake hutofautiana. Kabla ya kufunga, kipuri kipya hulinganishwa na cha zamani kwa vipimo vyote, na pistoni husukumwa kwa kidole ili kuona kama inatembea bila kukwama.

### Kipuri cha gari lingine

Njia hii hutegemea namba za mtengenezaji wa breki zilizotajwa juu. Wakati mwingine mwili wa silinda ni tofauti lakini mipira ya ndani ni ileile, kwa kuwa mipira hutengenezwa kwa vipenyo vya kawaida. Hapo hakuna haja ya kutafuta silinda nzima.

### Vipuri vilivyotumika

Magari mabovu yaliyovunjwa hutoa ngoma, mabano, fimbo, springi na miili ya kalipa. Vitu vinavyochakaa kwa msuguano, hozi na mipira haviokotwi kutoka gari lililovunjwa. Ngoma na diski hupimwa dhidi ya kikomo cha kiwanda, ambacho mara nyingi kimeandikwa juu ya chuma chenyewe. Ngoma iliyopasuka haichomelewi, hutupwa.

## Kukarabati kipuri kilichopo

Pale ambapo kipuri hakipatikani popote, cha zamani huweza kufufuliwa. Mara nyingi hii ndiyo njia salama zaidi, kwa kuwa mwili wa asili una matundu na pembe sahihi.

Kuweka bomba la ndani. Silinda iliyoliwa na kutu hupanuliwa kwa kerezo, kisha bomba jembamba la feleji isiyoshika kutu au la shaba njano husukumwa ndani na kusawazishwa hadi kipenyo cha asili. Baada ya hapo mipira ya kawaida ya kipenyo hicho hutumika. Fundi wa kerezo lazima atoboe upya tundu la kuingizia maji, na kwa masta silinda, kile kitundu kidogo sana kinachorudisha maji kwenye kikopo. Kitundu hicho kikizibwa au kikiwa na kingo kali, breki hung'ang'ania au mpira hukatika.

Kusugua silinda kwa jiwe ili kuondoa alama ndogo kunakubalika. Kusugua mpaka mashimo ya kutu yaishe huongeza kipenyo, na mpira hautaziba tena.

Kuvisha viatu laini mpya. Laini ya zamani huondolewa na mpya hufungwa kwa riveti au kwa gundi maalumu inayokaushwa kwa joto na mgandamizo. Vichwa vya riveti huzamishwa chini ya uso wa laini ili visikwaruze ngoma. Ngoma iliyokerezwa ikawa pana zaidi huhitaji laini nene zaidi, au laini iliyosawazishwa kufuata mviringo wake mpya. Vinginevyo kiatu hugusa katikati tu na breki huwa dhaifu. Magurudumu mawili ya ekseli moja huvishwa laini ya aina moja kwa wakati mmoja.

Kutengeneza mabomba. Bomba la breki ni rahisi kutengeneza upya. Kipimo kilichoenea ni inchi 3/16, takriban milimita 4.75. Chuma kilichopakwa kinga na mchanganyiko wa shaba na nikeli hutumika sana. Shaba tupu hukunjika kwa urahisi, lakini mtetemo huifanya kuwa ngumu na hatimaye kupasuka. Bomba la mafuta ya injini au la gesi halifai kwa mgandamizo wa breki.

## Maji ya breki na mipira

Kosa la kuchanganya maji yasiyofaa huharibu vipuri vyote kwa pamoja, vikiwemo vile vilivyotafutwa kwa miezi.

| Aina | Asili | Kiwango cha chini cha kuchemka yakiwa makavu | Yakiwa yamefyonza maji |
|---|---|---|---|
| DOT 3 | glaikoli | 205 °C | 140 °C |
| DOT 4 | glaikoli | 230 °C | 155 °C |
| DOT 5 | silikoni | 260 °C | 180 °C |
| DOT 5.1 | glaikoli | 260 °C | 180 °C |

Maji ya glaikoli hufyonza unyevu wa hewani. Ndiyo sababu gari lililoegeshwa muda mrefu, hasa katika hewa ya pwani, huota kutu ndani ya silinda bila dalili nje. Wataalamu wengi hushauri kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili. Maji haya pia hubabua rangi ya gari. DOT 5 ya silikoni haifyonzi unyevu wala haiharibu rangi, lakini haichanganywi na aina nyingine. Licha ya jina, DOT 5.1 si silikoni.

Baadhi ya magari ya Uingereza ya zamani yalikuwa na mipira ya asili iliyohitaji maji maalumu. Mipira mipya ya kisasa inapofungwa, tatizo hilo huisha. Citroën zenye haidroli ya mgandamizo mkubwa ni jambo tofauti kabisa. Kuanzia modeli za mwaka 1967 barani Ulaya, Citroën DS ilianza kutumia mafuta ya madini ya kijani yaitwayo LHM, badala ya maji mekundu ya awali. Mipira ya mfumo mmoja huharibiwa na maji ya mfumo mwingine.

Katika mfumo wa kawaida, mafuta ya injini, mafuta ya usukani, grisi ya kawaida, petroli na dizeli havitakiwi hata kwa kusafishia. Mafuta ya madini huivimbisha mipira mpaka breki zinashika zenyewe. Yakishaingia, kubadilisha mpira ulioonekana kuvimba hakutoshi. Mipira na hozi zote hubadilishwa na mabomba husafishwa. Kwa kusafisha silinda hutumika spiriti au maji ya breki yenyewe.

Hozi ya zamani huweza kuvimba upande wa ndani na kuonekana nzima nje. Dalili yake ni gurudumu moja kubaki limeshika baada ya pedeli kuachiwa. Mara nyingi silinda hulaumiwa bure.

## Vumbi la asbesto

Laini nyingi za breki za zamani zilikuwa na asbesto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Vumbi la ndani ya ngoma halipulizwi kwa kompresa wala kwa mdomo, na halifagiliwi likiwa kavu. Hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa kinachotupwa ndani ya mfuko uliofungwa. Viatu vya akiba ya zamani huhesabiwa kuwa na asbesto isipokuwa imethibitishwa vinginevyo, hivyo havipigwi msasa.

## Kubadilisha mfumo mzima

Wamiliki wengine huacha kutafuta kipuri cha asili na kufunga mfumo wa gari jipya zaidi, kwa mfano masta silinda ya njia mbili au diski za mbele. Faida yake ni usalama na upatikanaji wa spea. Masharti yake ni kwamba sehemu zote zilingane. Masta silinda nyingi za ngoma zina vali inayobakiza mgandamizo mdogo ndani ya mabomba. Ikitumika na diski, pedi hazitaachia. Uwiano wa mbele na nyuma nao ni muhimu: magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya yale ya mbele, gari huteleza na kugeuka. Katika nchi nyingi badiliko la namna hii huhitaji kukubaliwa na wakaguzi wa magari.

## Afrika Mashariki

Magari ya kale ya Afrika Mashariki mengi ni yale yaliyofanya kazi: Land Rover Series, Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40, Kobe la Volkswagen, Peugeot 404 na 504. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Land Rover ziliunganishwa Thika nchini Kenya. Kwa sababu hiyo baadhi ya vipuri bado hupatikana katika maduka ya zamani ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, na soko la Kisekka jijini Kampala. Spea zilizotumika za magari ya Japani huletwa pia kutoka Sharjah katika Falme za Kiarabu.

Mafundi wa jua kali na mafundi wa kerezo wana uzoefu wa kuvisha laini na kukereza ngoma. Kazi ya kuweka bomba ndani ya silinda huhitaji fundi mwenye mashine sahihi na vipimo. Magari ya kale huonekana hadharani katika maonyesho ya Concours d'Elegance jijini Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970, na katika East African Safari Classic Rally, iliyoanza mwaka 2003.

## Ukaguzi baada ya kufunga

Baada ya kazi hewa hutolewa ndani ya mfumo, kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kisha pedeli hukanyagwa kwa nguvu gari likiwa limesimama na kushikiliwa kwa dakika moja au zaidi. Ikizama polepole, kuna uvujaji wa nje au mipira ya masta silinda inapitisha maji. Kila kiungo hukaguliwa kwa karatasi kavu. Jaribio la kwanza hufanywa kwa mwendo wa pole mahali patupu, breki ya mkono ikiwa imethibitishwa kufanya kazi. Ukaguzi hurudiwa baada ya safari fupi, kwa kuwa uvujaji mdogo huonekana breki zinapopata joto.

## Tazama pia

- Breki
- Gari
- Land Rover
- Peugeot 404
- Safari Rally
- Asbesto